Kipimo cha vitamini D cha nyumbani: nilisoma mstari kichwachini

Kivuli Kirefu ameandika:

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka aruke mpaka kwenye maswali chini.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu wa kuchoka tu. Ngazi za ghorofa moja napanda kama nimebeba gunia, nikifika juu nasimama kwanza nijifanye natafuta funguo mfukoni, kumbe navuta pumzi. Miguu mizito, magoti yanauma, nikawa rafiki mkubwa wa dawa za maumivu. Nikaingia mtandaoni, na mnajua mtandao ukiuambia umechoka: vitamini D, vitamini D, vitamini D. Mimi nashinda ndani kutwa, dirisha lipo lakini kioo kimefungwa. Nikajiona nimepatikana.

Nikanunua kile kipimo cha haraka cha nyumbani. Boksi lina kaseti mbili za plastiki nyeupe, kila moja ndani ya pakiti yake ya foili, visindano vya kutoboa kidole, vimirija vya kunyonyea damu, kichupa cha maji ya kipimo, vipamba vya spiriti na kadi yenye vivuli vya rangi nyekundu, kuanzia iliyokolea mpaka iliyofifia. Nikatoboa kidole, nikakamua, tone likaingia, matone ya maji juu yake, nikakaa kusubiri dakika zangu.

Mstari wa C ukatokea. Mstari wa T, ule wa majibu, nao ukatokea, mwekundu, umenona. Wakuu, mimi ni mtu wa vipimo vya malaria na vya ujauzito: mstari wa pili ukitokea, kitu kipo. Nikapiga makofi. Vitamini tele! Kadi sikuiangalia hata kidogo.

Wiki tatu baadaye mke wangu anasafisha droo, akaikuta ile kadi. Akaisoma amesimama, akaniita taratibu: "Baba Rehema, hapa wanasema mstari ukikolea ndiyo upungufu." Nikaichukua, nikaigeuza juu chini, ikawa vilevile.

Basi nikaenda maabara ya kweli, wakanitoa damu mkononi. Jibu: 58. Nikakumbuka nilisoma mahali kwamba chini ya 30 ni upungufu, 58 ni karibu mara mbili yake, nikashangilia tena. Daktari akanionyesha herufi ndogo pembeni: nmol/L. Ile 30 niliyoisoma ilikuwa ya ng/mL, kizio kingine kabisa. Ukigawanya 58 kwa 2.5 unapata 23. Kwa hiyo nimefurahi mara mbili, kwa makosa mawili tofauti.

Maswali yangu: kwanza, kwa nini huu mstari unakwenda kinyume na vipimo vingine vyote? Pili, 23 ni upungufu au si upungufu? Maana daktari mmoja ameniambia niko sawa, mwingine kaniambia niko pungufu, na wote wawili wana vyeti ukutani. Tatu, hiki kipimo cha nyumbani kina kazi gani hasa?

Mzee Kinyozi ameandika:

Hayo makofi ya kwanza ungeyaweka akiba mkuu. Naweka kambi hapa, mama watoto ananiandama na hicho hicho kipimo.

Mpiga Darubini ameandika:

Mkuu Kivuli Kirefu, pole. Mimi kazi yangu ni maabara, na wanaosoma mstari huo kinyume si wewe peke yako. Ngoja nieleze, maana ukishaelewa husahau tena.

Kipimo cha malaria kinatafuta protini ya mdudu, na protini ni mzigo mkubwa. Mzigo mkubwa unabebwa na watu wawili: kingamwili moja yenye rangi inaushika huku, nyingine iliyopakwa kwenye mstari inaushika kule. Mzigo ukiwepo, rangi inanasa mstarini. Usipokuwepo, rangi inapita zake. Ndiyo maana mstari ni ndiyo.

Vitamini D ni kitu kidogo mno. Ni punje. Watu wawili hawawezi kushika punje moja kwa wakati mmoja, hakuna pa kushika. Kwa hiyo watengenezaji wakageuza mchezo. Pale kwenye T wamepaka vitamini yenyewe, imegandishwa hapo. Kingamwili zenye rangi zinatoka mwanzoni mwa kitepe mikono mitupu. Zikikutana na vitamini nyingi kwenye damu yako, mikono inajaa, zinapita pale T bila kusimama, mstari unafifia au hauonekani. Damu ikiwa na vitamini kidogo, zinafika T mikono mitupu na kung'ang'ania pale. Mstari unakolea. Yaani rangi unayoiona ni ya njaa.

Mstari wa C ni kitu kingine kabisa, unakwambia tu kwamba maji yamepita mpaka mwisho. C isipotokea, tupa kaseti. Lakini C ikitokea haina maana kwamba jibu ni sahihi. Watu wengi wanachanganya hapo.

Halafu vipimo vya nyumbani si aina moja. Kuna vyenye kimashine kidogo cha kusoma ambacho kinakupa namba moja kwa moja, na kuna vya kutuma damu kwa posta. Soma karatasi ya kilichomo mikononi mwako, usisome ya jirani.

Sasa tatizo la pili, ambalo boksi halisemi. Tunachopima ni 25-hidroksivitamini D, ile inayotengenezwa na ini baada ya vitamini kutoka kwenye ngozi au tumboni. Tunapima hiyo kwa sababu inakaa kwenye damu wiki mbili tatu kabla haijapungua nusu, kwa hiyo inaonyesha akiba. Lakini haielei hivi hivi kwenye damu. Karibu yote imekumbatiwa na protini inayoibeba, iliyo huru haifiki hata asilimia 1. Ili uipime lazima kwanza uibandue. Mashine za maabara zina kemikali na muda wa kufanya hivyo, na hata zenyewe hazikubaliani kila mara. Kaseti yako inatakiwa ifanye kazi hiyo hiyo kwa matone machache na dakika chache. Ndiyo maana idadi ya matone si mapambo. Wakikwambia mawili ni mawili.

Na hapo uliposema "nikakamua", hapo ndipo roho yangu iliruka. Kidole hakikamuliwi. Ukikikamua unatoa damu pamoja na maji ya nyama, damu inazimuliwa, na ikizimuliwa vitamini inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Osha mikono kwa maji ya vuguvugu, ning'iniza mkono chini dakika moja, futa kwa spiriti na uiache ikauke yenyewe, toboa ubavuni mwa ncha ya kidole na si katikati, futa tone la kwanza, tumia la pili. Saa iwe mezani. Ukisoma mapema umekosea, ukiiacha kaseti ukaenda kupika ukarudi umekosea pia, maana kitepe kikikauka rangi inabadilika.

Binti wa Asubuhi ameandika:

Mpiga Darubini ubarikiwe, hii ya mikono mitupu nimeielewa kuliko yote niliyosoma.

Mimi nilitumia kile cha posta. Wanakutumia kadi yenye miduara, unadondosha damu kwenye kila mduara mpaka ujae na upenye upande wa pili, unaiacha ikauke, unaituma. Jibu linakuja baada ya siku kadhaa likiwa na namba kamili. Uzuri wake ni kwamba mashine ni ya maabara. Ubaya, mara ya kwanza walinirudishia: miduara haikujaa. Nilikuwa nimedondosha tone juu ya tone, kumbe hairuhusiwi, tone moja kubwa linatakiwa lijaze mduara mara moja. Vidole vitatu vyote vilikuwa na matundu, na bado nikaambiwa nianze upya.

Swali: biotini inaingiliana? Mimi nameza kwa ajili ya nywele.

Mpiga Darubini ameandika:

Inaweza. Baadhi ya vipimo vya kingamwili vimejengwa kwa kutumia biotini ndani yake, ukiwa umemeza dozi kubwa inavuruga jibu. Njia ya kuchuja na kupima uzito wa molekuli, ile maabara kubwa wanaiita LC-MS/MS, haina shida hiyo. Waambie wanaokupima kwamba unatumia, watakuelekeza uache siku ngapi.

Zamu ya Usiku ameandika:

Nijibu swali la pili la mleta uzi, maana hapo ndipo watu wanapigana bure. Madaktari wako wote wawili hawajakudanganya.

Kati ya mwishoni mwa 2010 na 2011 zilitoka kauli mbili kubwa Marekani zisizolingana. Institute of Medicine, taasisi ya ushauri wa afya, ikasema 20 ng/mL, yaani 50 nmol/L, inawatosha karibu watu wote, na wenye hatari ya upungufu hasa ni walio chini ya 12. Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, ikasema chini ya 20 ni upungufu, 21 mpaka 29 ni pungufu kiasi, na mtu awe 30 kwenda juu. Wewe mwenye 23, kwa wa kwanza umepita, kwa wa pili hujafika. Damu ni ile ile.

Ajabu ni kwamba mwaka 2024 Endocrine Society wenyewe wametoa mwongozo mpya na hawazitetei tena zile namba zao za 20 na 30. Na wakashauri mtu mzima mwenye afya, asiye na sababu maalumu, asipimwe vitamini D kama desturi. Lakini kadi nyingi za vipimo vya nyumbani bado zimechorwa kwa ile 30. Kwa hiyo kadi inaweza kukuita mgonjwa wakati waliobuni mpaka huo wameshauacha.

Ongeza na hili: mpango wa kimataifa wa kulinganisha vipimo vya vitamini D unaruhusu maabara nzuri kuyumba mpaka asilimia 10. Yaani 20 yako inaweza kutoka 18 leo na 22 kesho, hujaongeza wala kupunguza kitu. Hiyo ni maabara. Kaseti inayokupa vivuli vinne vya rangi, isomwe na macho mawili chini ya taa ya jikoni, usiidai ikwambie tofauti ya 23 na 31.

Wa kupimwa wapo, na hao wasicheleweshwe. Mtoto mwenye matege. Mtu mzima mwenye maumivu ya mifupa na mapaja yaliyolegea mpaka kuinuka kwenye kiti ni shughuli. Mwenye ugonjwa wa utumbo usiofyonza mafuta, aliyekatwa tumbo ili apungue, mwenye ugonjwa wa figo au ini. Anayetumia dawa za kifafa kama fenitoini na fenobabito, au rifampisini kwa muda mrefu, maana zinaifanya ini iichome vitamini haraka. Hao waende kwa daktari moja kwa moja, kaseti itawapotezea muda tu.

Kichwa Ngumu ameandika:

Mimi naona mnazunguka mbuyu. Vitamini ni vitamini, si sumu. Meza, ukizidisha utakojoa, mambo yameisha. Kupima kwa nini?

Zamu ya Usiku ameandika:

Ndugu yangu, inayokojolewa ni C na zile za kundi B. D inayeyuka kwenye mafuta, inakaa mwilini.

Nikupe kisa cha nyumbani kwetu. Shemeji yangu aliandikiwa vidonge vya IU 50,000 (IU ni kizio cha kupimia vitamini), kimoja kwa wiki. Yeye akameza kimoja kwa siku, maana dawa zote anazozijua humezwa kila siku. Wiki zikapita. Akaanza kiu isiyoisha, chooni kila saa, choo kigumu, kichefuchefu, akawa anasahau majina ya watoto wake. Tukadhani kisukari. Kupima damu, kalisiamu iko juu na figo zimeanza kulalamika. Alilazwa, akawekewa maji ya mishipa siku kadhaa. Alipona, lakini vitamini ilikuwa imejaa kwenye akiba ya mwili, ilichukua miezi kushuka.

Kiasi cha mtu mzima kwa siku ni IU 600, akipita miaka 70 ni IU 800. Kiwango cha juu asichovuka bila daktari ni IU 4,000. Na chupa nyingine zinaandika mikrogramu badala ya IU: mikrogramu 1 ni IU 40. Soma lebo ukiwa umevaa miwani.

Kichwa Ngumu ameandika:

Hapo kwenye majina ya watoto nimekaa chini. Lakini wanasema inazuia saratani na moyo?

Zamu ya Usiku ameandika:

Walijaribu. Utafiti wa VITAL, Marekani, watu 25,871, IU 2,000 kila siku kwa miaka kama mitano. Majibu yalitoka 2018: waliomeza na waliopewa kidonge bandia hawakupishana katika kupata saratani wala matukio makubwa ya moyo. Mwaka 2022 wakatoa na ya kuvunjika mifupa, nayo hivyo hivyo. Ila angalia, wengi wa watu wale hawakuwa na upungufu. Kumwongezea maji mtu asiye na kiu hakuonyeshi kama maji yana faida.

Binti wa Asubuhi ameandika:

Na jua? Mimi naota jua dirishani kila asubuhi, hata jina nimejipa.

Mpiga Darubini ameandika:

Binti, samahani kwa jina lako. Miale inayotengeneza vitamini D ni UVB, na kioo cha dirisha kinaizuia karibu yote. Unapata joto tu. Hata nje, jua likiwa chini sana UVB inayofika ardhini ni kidogo. Kanuni ya haraka ni kuangalia kivuli chako: kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi haifanyi kazi kubwa. Na ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi, melanini, ile rangi ya ngozi, inaimeza miale kabla haijafika. Ila msikae mpaka mkaungua, ngozi ikishapata kiasi chake inaanza kuivunja ile ya ziada yenyewe.

Mzee Kinyozi ameandika:

Kivuli kirefu kuliko wewe, ngozi haifanyi kazi. Mleta uzi, jina lako lilikuwa limeshakupa jibu.

Kivuli Kirefu ameandika:

Mzee Kinyozi nimecheka peke yangu kama mwehu.

Wakuu, nimerudi, imepita miezi mitatu na zaidi. Naona uzi ulilala, nauamsha.

Daktari wa pili alinipa IU 2,000 kwa siku, nimeze na mlo wenye mafuta, nirudi baada ya miezi mitatu, si kabla, kwa sababu kiwango kinapanda polepole na ukipima mapema unapima safari, si mwisho wake. Kaseti ya pili sikuigusa. Nilifuata alichosema Zamu ya Usiku: ningeona tu kivuli kimoja cha rangi badala ya kingine. Nikarudi maabara ile ile, mashine ile ile. Jibu 83, na safari hii niliangalia herufi kwanza: nmol/L. Sawa na 33.

Kwa hiyo namba imepanda vizuri kabisa. Na mimi nilikuwa bado nasimama juu ya ngazi natafuta funguo.

Nikamwambia daktari. Akanivuta kope la chini, akaangalia, akanyamaza. Akaandika vipimo vingine. Damu imeshuka, chuma kimekwisha. Mimi nikasema basi nipe vidonge vya chuma niende. Akasema hapana, mwanaume mtu mzima chuma hakiishi hivi hivi, kuna mahali kinavuja. Akaniuliza swali moja ambalo mtandao haukuwahi kuniuliza: dawa za maumivu unameza ngapi kwa siku?

Wakapitisha kamera kooni. Kidonda tumboni, kinachuruza damu taratibu. Dawa nilizokuwa nameza kwa ajili ya magoti ndizo zilizokitengeneza, na magoti nilikuwa nayasingizia vitamini D. Hata choo kilikuwa kimekuwa cheusi, mimi nikadhani ni chakula.

Sasa niko kwenye dawa za kidonda na chuma, za maumivu nimeambiwa nisiziguse. Wiki ya sita hii. Jana nimepanda ngazi nikiwa naongea na simu, nikafika juu bado naongea.

Zamu ya Usiku ameandika:

Pole na hongera. Mtu yeyote anayesoma hapa na choo chake ni cheusi kama lami, asisubiri kuuliza kwenye uzi. Leo hii aende akaonekane.

Binti wa Asubuhi ameandika:

Pole sana kaka. Ile kaseti ya pili umeifanya nini?

Kivuli Kirefu ameandika:

Ipo droo ile ile, inaisha muda wake mwezi ujao. Mke wangu anaitaka ajipime. Nimemwambia asome kadi kwanza. Amenitazama tu.